Dada Yetu Aliyeitupa Video ya Mkurugenzi

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutushika mkono, familia imenituma mimi, kitinda mimba, niwasomee maisha ya dada yetu, nami nimemwapia shemeji kwamba sitaongeza chumvi.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza kati ya watano, akaanza shule ya msingi mwaka 1975, akamaliza sekondari 1985, akapitia chuo cha ufundi, na tarehe 3 Aprili 1989 akaajiriwa hospitalini kupokea simu, kazi aliyoifanya hadi akapanda kuwa fundi wa mtandao wa kompyuta. Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na fundi cherehani, huyu shemeji yetu, wakajaliwa mabinti wawili.

Jumanne, tarehe 9 Juni 2015, mtandao wa hospitali ulielemewa, picha ya kichwa cha mtoto aliyeanguka ngazini ikawa haifiki kwa daktari wa upasuaji jengo la pili, huku ofisi nzima ikitazama video za harusi ya mhasibu. Dada aliingia kwenye swichi, kile kisanduku kinachopitisha mawasiliano yote, akaiamuru itangulize picha za wagonjwa, na njia ikijaa, itupe vipande vya video. Picha ilifika, mtoto akapasuliwa, akapona, ila mkurugenzi, aliyekuwa akizungumza na wafadhili kwa video, aliganda kwenye skrini zao mdomo wazi, dakika kumi na moja.

Mkurugenzi alimwita dada ofisini, barua ya onyo iko mezani.

"Nani kakupa ruhusa ya kunitupa?"

"Sikukutupa wewe, mkuu, nilitupa vipande vyako. Ungekuwa umepasuka kichwa, ningekutanguliza."

Barua ilichanwa, utaratibu ule ukawa wa kudumu, na mkurugenzi, ambaye tunaye hapa, ameomba suala la mdomo lisitajwe, bahati mbaya ombi limetufikia tukiwa tumeshachapa wasifu huu.

Februari 2023 dada aliugua ini, akapigwa picha, akamuuliza daktari kwanza zimechukua sekunde ngapi kufika, akajibiwa mbili, akatabasamu, ndipo akauliza zinasemaje. Alifariki tarehe 21 Oktoba, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa shemeji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia siku zote hizi, na mafundi wenzake, waliokuja wote bila kubakiza hata mmoja, ingawa tunasikia hospitalini mtandao umekatika tangu asubuhi.

Umetutangulia, dada. Pumzika, na sisi tuliobaki kwenye foleni tunakuahidi hatutasukumana.