Mama Drocella Uwizeye na Watoto Waliotapika Maziwa

Ndugu wafiwa, majirani wa Kalembe na ninyi mliotembea kwa miguu kutoka Walikale, familia imenituma mimi Damien, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya dada yetu.

Mama Drocella Uwizeye alizaliwa Bihambwe, Masisi, tarehe 14 Machi 1978, mtoto wa pili wa wakulima wa maharagi, akasoma shule ya msingi hukohuko, akamaliza masomo ya uuguzi Goma mwaka 1999, na tangu Januari 2000 akafanya kazi katika kituo cha afya cha hapa Kalembe. Tarehe 12 Julai 2002 alifunga ndoa na Papa Floribert wa Walikale, ambaye hadi leo tunamtania kwamba alikuja kutibiwa jino akaondoka na muuguzi.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Prince na Noëlla. Prince, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2003, alianza kutapika katika wiki ya tatu, maziwa yakiruka hadi ukutani, na dada yetu, muuguzi mwenye cheti, alimpa dawa ya malaria, kisha akakubali akatwe kilimi kooni, maana sote tuliamini kilimi ndicho kinachotapisha watoto, na tarehe 11 Juni mtoto akafa amekauka, bado akitafuta ziwa.

Mwaka 2012, kwenye mafunzo Goma, daktari wa upasuaji alimwonyesha kwamba kwa watoto wachache sana lango la chini la tumbo hunenepa na kuziba, maziwa hayapiti, na kwamba maji ya mshipani na operesheni ndogo huwaponya. Alirudi akamlilia Prince siku mbili, na kuanzia hapo woga haukumtoka tena, kila mtoto mchanga aliyetapika alimlaza mapajani pa mama yake akinyonya, akapapasa chini ya mbavu za kulia akitafuta kivimbe kidogo kama punje ya haragi, huku watu wakinong'ona, "Ule mama anatafutaka nini mu tumbo ya batoto?" Alituma saba hospitalini, sita walirudi hai.

Mjukuu wake Élysée, mtoto wa Noëlla, alizaliwa tarehe 2 Aprili 2024, na tarehe 25 akaanza kutapika vilevile. Dada yetu alimpapasa asubuhi na jioni, akasema hakuna kitu, ni maziwa tu yamezidi, na sisi tulimwamini huku mtoto akikonda machoni petu, hadi siku ya tatu Mama Claudette, mkunga aliyefundishwa na yeye mwenyewe, alipoweka mkono, akamwambia mbele yetu, "Drocella, iko hapa. Unaogopa kuiona." Kesho yake alipanda pikipiki na Noëlla kwenda hospitalini, mtoto kifuani, risasi zikilia milimani upande wa Masisi, na baadaye alituambia kwamba hakuziogopa hizo risasi, aliogopa kile kimya cha mtoto. Élysée alipasuliwa tarehe 30 Aprili, siku iliyofuata akanyonya, na maziwa yakabaki tumboni.

Tangu safari hiyo presha yake ilipanda na haikushuka vizuri. Tarehe 17 Oktoba 2025 alipooza upande mmoja, na tarehe 23 Oktoba alituacha, akiwa na miaka 47. Siku hizo sita alisema kwa shida sana, lakini kila saa ya chakula alimwuliza Noëlla jambo lilelile, "Élysée amekula? Hakutapika?"

Tunawashukuru madaktari waliompasua mjukuu wetu na waliomhudumia marehemu, majirani waliombeba mabegani kwa kipoyi, ile machela ya miti, wafanyakazi wenzake wote, na zaidi Mama Claudette, aliyethubutu kumkosoa mkubwa wake. Mwenye mtoto mchanga anayetapika asiende kukata kilimi, aende kwa Mama Claudette.

Dada, leo asubuhi Élysée amekula ugali na maharagi, na hakutapika. Woga wako utuachie sisi, nawe pumzika kwa amani.