Pikapu ya Tairi Mbili na Kilima cha Arlys

Hebu fumba macho kidogo, uione picha hii. Ni asubuhi ya mwisho wa Oktoba, miti imepukutika, na nyasi zina weupe wa baridi kama zimenyunyiziwa unga. Ndani ya duka la chakula cha mifugo la Elverdal, huku Wiskonsini, Marekani, kati ya magunia ya mahindi ya kuku na rafu ya glavu, kuna benchi refu lililotolewa kanisani. Kanisa lenyewe lilifungwa zamani, lakini benchi halijakosa waumini. Kando yake linatokota birika la umeme la vikombe arobaini, na wazee watatu hulizunguka kila siku kuanzia saa moja. Wa kwanza ni Orval, aitwaye Redio, kwa kuwa hutangaza hali ya hewa hata usipomuuliza. Wa pili ni Dewey, aitwaye Hakimu, kwa kuwa hutoa hukumu kabla ya kesi. Wa tatu ni Verlyn, ambaye tangu Februari wenzake humwita Mtaro, na sababu utaisikia. Siku hiyo katikati yao alikaa mgeni wa benchi: Arlys, mjane wa kaka yake Verlyn, kikombe mkononi, jicho kwenye saa ya ukutani.

Saa hiyo ilisema tatu na nusu. Jirani yake Gaylord alikuwa anauza pikapu, akaahidi kumwekea Arlys mpaka saa sita. Baada ya hapo angekuja mtu mwingine. Na Jumapili Curtis, mwanawe Arlys, alikuwa amempigia simu. "Mama," alisema, "ukiwa na gari la kuaminika wakati wa theluji, nitanyamaza. Ukikosa, tafadhali shuka uje kwenye zile fleti za wazee mjini." Arlys hakuitaka fleti. Aliitaka nyumba yake juu ya kilima, kuku wake kumi na wanne, na dirisha lake la jikoni.

— Swali langu ni dogo, alisema. Pikapu ya Gaylord inasukumwa na tairi mbili za nyuma tu. Itanifaa au haitanifaa?

— Haitakufaa, alisema Hakimu.

— Sijamaliza kusema.

— Malizia tu, mama. Hukumu iko palepale.

— Ni nzima, na haili mafuta. Halafu ni fupi. Zile za tairi nne ziko juu kama ghorofa. Nikitaka kupakia gunia la chakula cha kuku, nalibeba kichwani kama mtungi. Hii ya Gaylord, bodi yake inanifika kiunoni.

Verlyn alitikisa kichwa.

— Shemeji, wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Basi si ndiyo mimi nataka fupi?

— Hapana, maana yake ununue ndefu.

— Mtaro, alisema Redio, hiyo methali umeipakia kinyumenyume.

— Usiniite Mtaro mbele ya shemeji yangu.

— Shemeji yako ndiye aliyeuona mtaro wenyewe! Kona ya chini ya kilima chake! Ulilala mle na pikapu yako kama ndama aliyeteleza, miguu juu.

Benchi lote lilicheka, isipokuwa Verlyn. Arlys alimwonea huruma, lakini neno lenyewe lilimwingia moyoni. Pikapu ya Verlyn nayo ilikuwa ya tairi mbili. Na kona ile ilikuwa yake, anaipita kila siku.

— Tena baridi ya mwaka huu itakuwa mbaya kuliko ile ya mwaka jana, alitangaza Redio. Jana nimeokota kiwavi wa manyoya. Kwa kawaida ana mkanda wa kahawia katikati. Huyu ni mweusi tii, kichwa hadi mkia. Kahawia ni baridi nyepesi, weusi ni baridi kali. Mtakumbuka maneno yangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu nani?

— Kiwavi.

— Mwaka jana kiwavi wako alikuwa wa kahawia mtupu, alisema Hakimu, na tulichimba theluji mpaka Aprili.

— Yule alikuwa mgeni. Hakuwa kiwavi wa hapa.

Arlys alitazama saa. Saa nne kasorobo.

— Jamani, kilima changu. Tuzungumze kilima.

— Kilima ni rahisi, alisema Hakimu. Unakipanda kinyumenyume. Gari halijui. Litadhani linashuka.

— Dewey!

— Nakwambia! Mjomba wangu alipanda hivyo miaka ishirini.

— Mjomba wako aliishi bondeni, alisema Verlyn.

— Ndiyo maana hakupata ajali.

Redio alijaza kikombe chake, akasogea mbele kama mtu mwenye siri.

— Tatizo la tairi mbili ni wepesi wa nyuma. Injini iko mbele, nyuma hakuna kitu, tairi zinacheza juu ya theluji. Dawa ni uzito. Weka jiko la chuma. Weka mtambo mbovu wa kukamulia. Ukikosa, mweke Hakimu, akae kule nyuma akihukumu barabara.

— Mimi nina la maana zaidi, alisema Hakimu. Nunua pikapu mbili za tairi mbili. Zifunge pamoja, mkia kwa mkia. Mbili na mbili ni nne. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na nani ataendesha ile nyingine?

— Verlyn. Yeye kurudi nyuma amezoea.

Safari hii hata Arlys alicheka, na kahawa ikamwagikia gauni lake. Lakini alipojifuta, alitazama saa tena. Saa nne na nusu. Alimgeukia Verlyn, ambaye hakuwa na kawaida ya kumdanganya.

— Shemeji, niambie kweli. Wewe ungeinunua?

Verlyn alitazama viatu vyake.

— Usiinunue, shemeji. Mimi nilikuwa na tairi nzuri za majira ya baridi. Nilikuwa na uzito nyuma, mifuko ishirini na mitano ya kuni zile za unga wa mbao ulioshindiliwa, nilipakia Desemba mosi. Bado nikaanguka. Tairi mbili ni tairi mbili.

Arlys aliweka kikombe chini. Akaiona fleti ya mjini, na dirisha linalotazama maegesho ya magari.

Hapo mlango ulifunguka, baridi ikaingia, na nyuma yake akaingia Renae, dereva mpya wa basi la shule. Alikuwa amekwisha kuwafikisha watoto, akaja kununua mbegu za ndege. Kusikia Hakimu akirudia neno "tairi mbili" alisimama, mfuko wa mbegu begani.

— Mbona mnaogopeshana? Basi langu nalo linasukumwa na tairi za nyuma tu.

— Lile la njano? aliuliza Redio. Linalopanda barabara ya milimani kila siku?

— Hilohilo. Nina tairi za baridi, naenda polepole, na barabara ikiwa barafu tupu nafunga tairi minyororo. Uzito wangu ni watoto. Jioni wakishuka wote, ndipo nami huwa mwangalifu zaidi.

Redio alimsimulia haraka habari ya mtaro wa Februari na kuni za Verlyn. Renae akamgeukia Verlyn, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia.

— Samahani, mzee wangu. Hizo kuni, ulikuwa unazichoma?

— Jiko la karakana. Mfuko mmoja kila siku tatu. Baridi ikizidi, zaidi kidogo.

— Siku ile ya Februari ulipoangukia mtaroni, nyuma ilikuwa imebaki mifuko mingapi?

Hakimu alianza kuhesabu siku kwa vidole. Verlyn alikandamiza bomba la birika. Likakoroma, likatoa matone matatu, likanyamaza. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Arlys alikuwa anahesabu, lakini si siku. Alikuwa anaukumbuka mfuko mmoja. Februari ile jiko lake lilikuwa limezimika asubuhi kwa kukosa kuni, na theluji ilikuwa imefunga duka. Alikuwa amempigia Verlyn simu kumwambia tu kwamba nyumba ina baridi. Saa moja baadaye alisikia hodi moja, akafungua, akakuta mfuko wa kuni barazani. Mfuko mmoja. Alipotazama barabarani, pikapu ilikuwa tayari inashuka, nyuma tupu, inaelekea kwenye kona.

— Shemeji, alisema. Ule ulikuwa wa mwisho, siyo?

Verlyn aliendelea kukandamiza bomba la birika lililokauka.

— Nyumba ilikuwa na baridi, alisema.

— Na kilima ulikipanda.

— Nilikipanda vizuri tu. Ni kushuka ndiko…

— Ukiwa mtupu nyuma.

— Nikiwa mtupu.

— Miezi minane unaacha wakuite Mtaro, na husemi!

— Ningesema nini? Kwamba nimeuchoma uzito wangu mwenyewe? Hawa wangeniita Jiko.

— Tungekuita Jiko, alikiri Redio.

Arlys alisimama, akavaa kofia yake ya sufu. Ilikuwa saa tano kasorobo, na kwa Gaylord ni mwendo wa dakika kumi.

— Haya. Verlyn, utanipeleka. Orval, Dewey, nipimieni mifuko kumi na miwili ya mchanga, muiweke mlangoni. Nikirudi na pikapu, nyinyi ndio wapakiaji. Pale juu ya tairi za nyuma, si mkiani. Renae, mwanangu, utanionyesha tairi za baridi unazonunua wewe. Na siku ya barafu tupu nitaiacha pikapu chini, kwenye sanduku la barua, nipande kwa miguu na fimbo yangu. Curtis nitampigia jioni.

— Na kiwavi? aliuliza Redio.

— Mwambie kiwavi anisubiri Aprili.

Verlyn alimfungulia mlango. Wakiwa kizingitini Arlys alimwambia jambo ambalo wale wawili hawakulisikia, naye akainamisha kichwa, akatabasamu kama mtoto aliyerudishiwa daftari lake likiwa na alama ya vema.

Nawe uliyesikiliza mpaka hapa, sikuombi mengi. Sahau kiwavi, sahau na kupanda kinyumenyume. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: gari lako likihitaji uzito nyuma, weka mchanga, maana mchanga haumpashi jirani joto, na kwa hiyo hutashawishika kumpa.