Achieng Alipofuata Bendi ya Jeshi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mlioketi mbele, asifiwe na ninyi mliosimama huko mlangoni kwa sababu viti vimejaa! Mimi ni Mama Achieng. Nilizaliwa Karungu, nikaolewa hapa Uriri, na wengi wenu mnanijua kwa mboga zangu pale sokoni. Leo sikuleta mboga. Nimeleta ushuhuda, na nitausema kwa sauti, maana iko miaka ambayo mimi nilikuwa mtu wa kunong'ona.

Mzaliwa wangu wa kwanza ni Achieng. Alizaliwa mzima, mnene, mwenye kilio cha kuamsha boma zima. Alipoanza kutembea vizuri, siku moja akaanguka jikoni, akakakamaa, macho yakageuka, povu likamtoka mdomoni. Nilidhani amekufa. Kumbe la, akatulia, akalala usingizi mzito, na alipoamka aliomba uji. Nikasema moyoni, labda ni malaria. Lakini ikarudi. Ikarudi tena. Kilikuwa kifafa.

Ndugu zangu, mnajua watu husema nini. Husema ukiguswa na lile povu, nawe umekwisha. Mtoto akianguka, watu wanatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Achieng alianguka kisimani, wanawake wakaacha mitungi wakakimbia. Alianguka kanisani, benchi zima likabaki tupu. Tulizunguka kwa waganga kutoka Migori mpaka Homa Bay. Mtoto alichanjwa chale, alifukizwa moshi, alioshwa kwa dawa chungu, na bado alianguka.

Mama mkwe wangu alimpenda mjukuu wake, sitaki mmfikirie vibaya. Lakini kaka yake wa tumbo moja alikuwa na ugonjwa huo huo, na alipokufa watu walikataa hata kumbeba. Yule mama aliogopa kwa kuwa alikuwa ameona. Akaniita binti wa Karungu kwa Kijaluo, akasema, "Nyar Karungu, mtoto huyu akae ndani. Watu wakizidi kumwona, hata wadogo wake watakaozaliwa hawatapata wa kuwaoa." Basi Achieng akawa mtoto wa nyuma ya nyumba. Wageni wakija, anaingizwa chumbani. Wenzake wakienda shule, anawachungulia kwa tundu la ukuta.

Mume wangu, Baba Achieng, alikuwa mwanajeshi, koplo, na kambi zake zilikuwa mbali. Mwaka ule vyama vingi vya siasa viliporudi, alikuja likizo akicheka tangu njiani. Amehamishiwa kambi kubwa nje kidogo ya Nairobi, na safari hii amepewa nyumba ya familia! Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Lakini tulipokaa kula, akainamisha macho.

"Achieng atabaki na Mama," akasema.

"Kwa nini?"

"Nyumba za kule zimeshikana ukuta kwa ukuta. Jirani akikohoa unasikia. Wakijua tuna mtoto wa namna hii, watatutoa."

Jamani, mimi sikuwahi kumjibu mume wangu mbele ya mama yake. Siku hiyo kinywa kilifunguka chenyewe. Nikasema, "Baba Achieng, tukienda tunaenda na Achieng. Tukibaki, tunabaki na Achieng." Mama mkwe akatikisa kichwa, akasema, "Utatuletea aibu mbele ya serikali." Mwishowe mume wangu alikubali, ila kwa sharti moja. Kule kambini, mtu yeyote asijue.

Tukafika. Getini askari mwenye bunduki akafungua mizigo yetu mmoja mmoja, na alipofika kwenye gunia langu akarudi nyuma.

"Mama, hiki ni nini?"

"Ni omena, dagaa ya Karungu, afande. Haina baruti."

Akacheka, akatupisha. Nikaona maisha mapya! Nyumba za mawe zilizopangwa kwa mistari, vijiwe vya kando ya njia vimepakwa chokaa, maji ya mfereji yanatoka ukitaka, na asubuhi baragumu linalia hata usingizi wenyewe unasimama wima. Kulikuwa na wake wa askari kutoka kila kona ya Kenya. Na nani alikuwa jirani yangu wa ukuta? Mama Robi, Mkuria, mtu wa huku huku kwetu Migori! Mnacheka kwa sababu mnajua. Mnajua mambo ya kuibiana ng'ombe kati yetu Wajaluo na wao, jinsi zizi la baba mkwe lilivyoamka tupu. Nilimsalimia vizuri, nikafunga mlango.

Niliufunga kweli kweli, ndugu zangu. Pazia halikufunguliwa. Achieng alikaa chumba cha nyuma, na akianguka mimi nilipandisha sauti ya redio. Sajini alipopita kukagua nyumba, nilimbeba mgongoni kwa leso, mkubwa hivyo, miguu inaning'inia, nikasema ana homa. Kila siku nilipiga magoti, na ombi langu lilikuwa moja tu: "Mungu wangu, mtu asijue." Mnasikia maombi hayo? Nilikuwa nimetoka Uriri, nimefika karibu na Nairobi, na kifungo kile kile nilikuwa nimekibeba pamoja na omena.

Lakini Mungu wetu hakuyajibu maombi yale. Asifiwe kwa kutoyajibu!

Siku moja asubuhi nilikuwa nafua nguo nyuma ya nyumba. Bendi ya jeshi ikapita katikati ya nyumba zetu ikifanya mazoezi ya sikukuu ya taifa. Ngoma kubwa zinapigwa mpaka vioo vinatetemeka, tarumbeta zinang'aa, na watoto wote wa kambi wanakimbia nyuma wakiiga kwata. Nilikuwa nimesahau kufunga kitasa. Achieng, ambaye hajawahi kukimbia na mtoto mwenzake, alifungua mlango akafuata bendi!

Mimi sikujua. Nilichojua ni kwamba kelele za watoto zilibadilika. Mama anajua kilio cha kucheza na kilio cha hofu. Nikaacha beseni, nikakimbia na povu la sabuni mikononi. Nikamwona mwanangu amelala kando ya barabara ya lami, karibu na mtaro, anatetemeka mwili mzima. Watoto wamekimbia. Wanawake wamesimama mbali, mmoja anapiga kelele, "Msimguse! Msimguse jamani!" Na mbele kuna lori la jeshi linakuja likirudi kutoka mazoezini.

Nami nilikuwa bado mbali. Na hapo nikaona mtu mmoja akivuka ile nafasi tupu. Alikuwa Mama Robi. Alisimama katikati ya barabara, akainua mikono yote miwili, lori likasimama. Kisha akapiga magoti, akamgeuza mtoto kwa ubavu, akakunja kitenge chake akamwekea chini ya kichwa. Povu la mwanangu likamtiririka mkononi, naye akalifuta na sketi yake kama mtu anayefuta maziwa ya mtoto anayenyonya.

"Mama Achieng, kuja!" akaniita. "Kuja umshike kichwa. Usilie. Shika."

Nikashika. Tukakaa naye pale chini, Mjaluo na Mkuria, mpaka mwili ukatulia. Nikaanza kusema ni homa, ni homa tu ya juzi. Mama Robi akanitazama.

"Mimi husikia redio yako ikipanda," akasema. "Nilikuwa naomba kila mara, lakini niliogopa kubisha. Robi ni mtoto wangu wa pili. Wa kwanza alikuwa na ugonjwa huu. Tulimficha mtoni akichunga ng'ombe ili watu wasimwone, na huko ndiko alikoangukia, ndani ya maji, peke yake. Mama, usimfiche huyu."

Ndugu zangu, maneno hayo yalinipasua. Nililia pale barabarani mbele ya bendi, mbele ya lori, mbele ya kambi nzima. Na nilipoinuka, nilikuwa nimemwinua Achieng mikononi, uso wake wazi, na sikumfunika kwa leso. Nilipita naye katikati ya wale wanawake mpaka nyumbani. Woga ulibaki kule kwenye lami. Sijarudi kuuchukua.

Habari zikafika juu. Jioni mume wangu akaitwa na meja. Alivaa sare kama mtu anayekwenda kuhukumiwa, na mimi nikaanza kufunga mizigo, sitawadanganya. Akarudi uso umebadilika. Nikamwuliza, "Wametutoa?"

Akaketi. "Meja ameniuliza swali moja," akasema. "Koplo, hospitali ya kambi iko nyuma ya nyumba yako, na mtoto wako anaumwa ndani. Ulikuwa unamficha kwa faida ya nani?" Kisha mume wangu, askari mzima, akafunika uso na kofia yake akalia.

Kesho yake tulikwenda hospitali ya kambi, sote watatu, na Mama Robi akiwa wa nne. Daktari alimpima, akatuuliza mengi, akasema huu ni ugonjwa wa ubongo, hauambukizi kwa povu wala kwa kikombe, na una dawa. Jumapili iliyofuata nikaenda naye kwenye kanisa la kambi. Padri wa jeshi akawaita akina mama mbele. Wakaja! Hata yule aliyekuwa akipiga kelele "msimguse" alikuja, akamwekea Achieng mkono kichwani, machozi yanamtoka. Mwanangu alikuwa hajawahi kuguswa na mikono mingi hivyo. Alikuwa akicheka, anasema wanamtekenya.

Je, alipona siku ile ile? Hapana. Mimi sisemi uongo madhabahuni. Alianguka tena, na tena. Kisha kukawa na nafasi ndefu zaidi. Kisha siku moja nikagundua kwamba sikumbuki lini alianguka mara ya mwisho. Anameza vidonge mpaka leo. Ndugu mmoja wa imani aliniuliza, "Kama Mungu amemponya, vidonge ni vya nini?" Nikamjibu, "Mimi hupanda sukuma na kumwagilia maji, na bado nasema ni Mungu aliyeotesha."

Achieng akaingia shule ya kambi akiwa mrefu kuliko darasa lake lote. Hakujali. Alisoma kama mtu mwenye njaa.

Tulipokuja nyumbani kwa Krismasi, mama mkwe alimtazama akikimbizana na wenzake uani. Siku nzima alimtazama. Asubuhi iliyofuata akatoka mapema bila kuaga. Aliporudi, alikuwa na mama wa boma la jirani, na katikati yao binti mtu mzima amejifunika kichwa, haangalii watu. Sikujua kabisa kwamba boma lile lilikuwa na binti! Miaka yote niliyopita mlangoni mwao! Mama mkwe akamsukuma taratibu mbele yangu, akasema, "Nyar Karungu, na huyu pia. Mwambie yale uliyoambiwa kambini."

Huo ndio wokovu wangu, ndugu zangu. Baba Achieng sasa amestaafu, tumerudi kwa udongo wetu. Mama Robi naye yuko kwao, na Jumatano akija sokoni hula chakula cha mchana kwangu, na asiyependa ashuhudie kwa macho yake. Achieng yuko kidato cha pili. Ndiye yule anayeimba sauti ya pili pale kwaya, aliyevaa kilemba cha kijani. Simama, nyathina, mwanangu, wakuone.

Namshukuru Mungu aliyekataa maombi yangu ya woga akanipa asichoombwa. Na sasa nasema na wewe uliyekuja peke yako asubuhi hii, ukaacha mtu nyumbani nyuma ya pazia. Sitakuuliza jina. Nakuomba tu umwamini Bwana, maana anakujua, na anamjua yule uliyemfungia mlango. Ibada ikiisha, nenda nyumbani, ufungue, umshike mkono mje wote. Mimi nitakuwa hapa mpaka jua liwe kali. Akianguka njiani, mgeuze kwa ubavu, kisha uniite. Nitakuja mbio.