Boti Mpya na Mwamba wa Pweza

Kijiweni kwa Sudi, muuza kahawa wa Shangani, asubuhi ile tulikaa kwa raha zetu. Serikali ilikuwa imekubali kulipa nusu ya bei ya boti ya kikundi chetu, na jana yake alikuja afisa kuona kama kweli tunavua. Ili asituone wazembe, tuliufungua mwamba tuliokubaliana kuufunga miezi mitatu pweza wakue. Ulikuwa umefungwa mwezi na nusu tu. Nami nilikuwepo, chuma cha kuchokolea pweza mkononi, kwa hiyo sijitoi. Afisa alipiga picha ndoo mbili, akaridhika, akaenda zake. Ndoo zenyewe, na barafu yake, zilikuwa miguuni petu zikingoja mnunuzi.

— Injini mbili, bwana! alisema Omari, mwenyekiti wetu. Tunamwita Injini kwa sababu hana habari nyingine. — Tunafika Comoro, tunakunywa chai, tunarudi.

— Mafuta je? nikauliza.

— Na mafuta watatupunguzia.

— Mafuta, barafu, nyavu! akadakia Kassimu. Huyu ndiye tunayemwita Waziri, haachi redio. — Ningekuwa mimi serikali, ningewapa ruzuku pweza wenyewe. Kila anayezaa, anapata chochote.

Tukacheka. Mwanaidi hakucheka. Yeye hana boti wala shamba. Maji ya bahari yakitoka, anakwenda mwambani, na watoto wanne wanakula.

— Nyie mtakwenda Comoro, alisema. — Mimi nakwenda kwa miguu. Leo alfajiri nimepita mashimo yote. Hamna kitu.

— Dada, wamehama tu hao, Waziri akamtuliza. — Wamevuka Ruvuma. Msumbiji hakuna kelele.

— Tena wanahama na familia, akasema Injini. — Ndiyo maana tunataka boti. Tuwafuate hukohuko!

— Na pasipoti wamepata wapi? nikauliza.

— We naye! akasema Waziri. — Pweza ana mikono minane, atashindwa kujaza fomu?

Tulikuwa bado tunacheka alipofika Nilza, mnunuzi kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Alikuwa amesikia mwamba umefunguliwa, akavuka mapema kwa kivuko cha Kilambo na kapu lake, kama kawaida yake. Akasalimia, akainama, akainua pweza mmoja. Hakufika hata nusu kilo. Akamrudisha taratibu kwenye barafu, akamwinua mwingine, naye akamrudisha.

— Kaka zangu, wakubwa wako wapi?

— Wamevukia kwenu, mama, akasema Injini.

— Kwetu wanasema wamevukia kwenu. Akatutazama mmoja mmoja. — Sasa wako wapi?

Waziri akaikodolea macho redio yake. Mimi niliona aibu, nikajifanya napuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Mwanaidi aliweka kikombe chini, akachukua chuma chake, akaondoka bila kuaga.

Simu ya Injini ikaita. Akasikiliza, akaitika mara mbili, akakata.

— Boti inafika Jumamosi, alisema kwa sauti ndogo. — Wanataka tuandae watu wa kupiga makofi.

Nilza alikuwa anakunja kapu lake tupu.