Sekunde Sita za Gotu

Ndugu zangu, jamaa na majirani, kabla sijasoma tarehe hata moja, nawaomba mfumbe macho kidogo mkione chumba kimoja cha misheni hapa Isiolo, Jumamosi asubuhi, watoto wa darasa la sita wamebanana kwenye mabenchi na hakuna anayenong'ona, mezani kuna redio ile ya kubonyeza ndipo uongee na kuachia ndipo usikie, kando yake saa ya mezani yenye mshale mwekundu wa sekunde, na mbele yake mwalimu mrefu, mwembamba, amevaa koti ingawa kuna joto, anabonyeza, anakohoa mara mbili kusafisha koo, kisha anasema, "Gotu, Gotu, mko tayari? Ova."

Huyo ndiye tuliyekuja kumsindikiza leo, Mwalimu Yosefu Ewoi Ekal, na familia imeniomba mimi, shemeji yake, niwasomee safari yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1937 huko Ngare Mara, mtoto wa tatu wa mzee Ekal na mama Nakiru, akachunga mbuzi wa babake mpaka mwaka wa 1947 alipoingia shule, akiwa tayari mkubwa kuliko wenzake, jambo ambalo alisema lilimfundisha kutomcheka mtoto aliyechelewa. Alimaliza masomo ya msingi mwaka wa 1955, akajiunga na chuo cha ualimu Meru mwaka wa 1958, na mnamo Januari 1961 akaanza kufundisha Burat, ambako alikaa miaka minane kabla ya kuhamishiwa mjini.

Tarehe 12 Desemba 1964 alimwoa dada yangu, Grace Gakii, na sitaficha kwamba sisi upande wa Gakii tulikuwa na maneno mengi, mjomba wetu mmoja aliuliza mbele ya wageni, "Huyu Mturkana atamlisha nini huyu msichana, chaki?", naye Ewoi akamjibu kwa upole, "Chaki ni ya watoto, mzee, yeye nitamlisha ugali," watu wakacheka, na mambo yakaisha hapo. Mungu aliwajalia watoto watatu, Ekal, Karwitha na Akiru, ambao wote mnawaona hapa mbele.

Sasa nifike kwenye ile redio, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza nisiipite.

Mwaka wa 1976 misheni ilimruhusu kutumia redio yao Jumamosi asubuhi, naye akabuni mchezo wa maswali kati ya watoto wake wa mjini na watoto wa mwalimu Chachu kule Gotu, rafiki yake tangu chuoni, mchezo wenyewe ukiwa kwamba swali linasomwa mara moja, kwenye sekunde iliyotajwa mapema, mtoto anayejua anainua mkono, mwalimu wake anaangalia saa na kuandika sekunde ubaoni, na aliyeinua mapema zaidi ndiye mshindi. Redio ya Gotu ilitumia betri ya gari na ilikuwa dhaifu, sauti yake haikuweza kufika Isiolo peke yake, kwa hiyo Sista mmoja wa Archer's Post alikaa katikati, akawa anarudia kila neno ili upande wa pili usikie.

Mchezo wa namna hiyo hauendi kama saa mbili hazikubaliani, na saa zilizo mbali haziwezi kuangaliana uso kwa uso, basi Ewoi akatafuta njia, na nitaieleza polepole kama alivyowaeleza watoto wake. Aliuliza, "Gotu, saa yenu inasema nini?", akahesabu muda mpaka jibu lilipomfikia, akapata sekunde kumi na mbili, akasema, "Sita ni za swali kwenda, sita ni za jibu kurudi," halafu, kwa kuwa jibu lilitaja sekunde ileile aliyoulizia, akaona saa ya Gotu imechelewa, akamwambia Chachu asogeze mshale wake mbele sekunde sita ili saa ya Gotu iende sawa na ya Isiolo. Hesabu ilikuwa safi, na hata mkaguzi wa shule aliisifu.

Lakini hesabu ile ilisimama juu ya jambo moja ambalo Ewoi hakuliuliza. Redio ya Isiolo ilikuwa na nguvu, Gotu walimsikia yeye mwenyewe moja kwa moja, palepale anapofungua mdomo, na Sista aliporudia maneno yake wao walikuwa wameshayasikia, kwa hiyo swali halikutumia sekunde yoyote kwenda, zile kumi na mbili zote zilikuwa za kurudi, na saa ya Gotu, ambayo tangu mwanzo ilikuwa sawa, ikasukumwa mbele bure. Chachu aliona maswali yakimfikia sekunde sita baada ya muda uliotajwa, akadhani redio ndivyo zilivyo, naye hakusema. Tangu siku hiyo kila mtoto wa Gotu aliyejibu aliongezewa sekunde sita ambazo hakuzitumia.

Jumamosi tarehe 7 Oktoba 1978, shule hizo mbili zikiwa sawa kwa pointi, Ewoi alisoma swali la mwisho, Mto Ewaso Nyiro unaishia wapi, na msichana mmoja wa Gotu, Tiya binti Golicha, aliyekuwa akiteka maji ya mto huo kila siku, aliinua mkono kabla wenzake hawajaelewa wameulizwa nini, akasema, "Lorian!", kile kinamasi ambamo mto huo unaishia kweli. Mtoto wa mjini alijibu sekunde ya nane. Tiya alijibu sekunde ya nne, lakini saa iliyo mbele yake ilisema kumi, na Chachu akasoma kumi, na Isiolo wakashangilia.

Chachu aliwaka. Yale aliyoyasema alikuja kutusimulia mwenyewe miaka mingi baadaye akicheka, alisema, "Sista, mwambie huyo Ewoi hiyo saa yake akachemshie chai!", naye Sista, mtu wa amani, akarudia kwa Isiolo, "Gotu wanashukuru, ila wana swali kidogo kuhusu saa." Ewoi alifurahi kwa ushindi, naye alidhani Gotu watasikia tu yale ambayo Sista ataamua kuyarudia, basi akabonyeza, akasema, "Sista, saa haina makosa, huyo msichana ni mzito wa kufikiri, lakini tafadhali usimwambie hivyo, mwambie ajitahidi." Sista akarudia, kwa sauti tamu, kwamba Tiya ajitahidi.

Tiya alikuwa na nafasi katika bweni la mjini mwezi wa Januari ili amalizie darasa la saba, na babake, mzee Golicha, alikuwa amekubali. Januari ilifika na Tiya hakuja, Ewoi akasema kama tulivyozoea sisi wote kusema, "Wazazi wamekataa," akafungua ukurasa mwingine. Chachu aliacha kujibu Jumamosi, mchezo ukafa, na marafiki hao wawili hawakusalimiana tena.

Mwaka wa 1984, ule wa njaa, mnamo Septemba, Ewoi alipelekwa Gotu kusaidia kugawa mahindi, na katika foleni mama mmoja kijana mwenye mtoto mgongoni akamwangalia, akacheka.

"Salaam aleikum, mwalimu wa kikohozi! Umenisahau? Mimi ni Tiya wa Golicha, yule mzito."

"Mzito? Nani alikuambia wewe ni mzito?"

"Si wewe? Ulimwambia Sista asiniambie."

"Lakini nyinyi mlikuwa mnamsikia Sista."

"Sista wa nini? Tulikuwa tunakusikia wewe mwenyewe! Kwanza unakohoa, kho, kho, tukisikia hivyo tunajua swali limekuja. Sista akianza kurudia, sisi tumeshamaliza."

Akina mama walicheka, na Tiya akaongeza, bila hasira, kwamba siku ile alirudi nyumbani akamwambia babake aache habari ya bweni, kwa sababu mwalimu mkubwa wa Isiolo amesema kichwa chake ni kizito. Ewoi alifahamu mambo mawili kwa wakati mmoja, ya saa na ya maneno, foleni ikasonga, Tiya akajitwika gunia lake, akaenda, na yeye akaendelea kugawa mahindi. Dada yangu Gakii anasema alirudi nyumbani jioni ile akakaa nje na kikombe cha chai mpaka kikapoa, akasema tu, "Nilikuwa na nafasi ya kumwambia, nikanyamaza."

Aliporudi Gotu wiki mbili baadaye, watu wa Golicha walikuwa wamehama na mifugo kufuata malisho, na aliporudi tena mwaka uliofuata hakuwapata. Alimtafuta Chachu, akamweleza yote, na Chachu akasema, "Miaka yote hiyo unaniambia nisogeze saa, na mimi nasogeza kama mjinga!", wakashikana mikono. Alisimama mbele ya gwaride la shule akatangaza upya matokeo ya mwaka wa 1978. Lakini kila sifa tuliyompa kwa hayo aliikataa, akasema mtu aliyepaswa kusikia hakuwepo.

Mwezi wa Juni 1987 alianza kuugua figo, akalazwa hospitalini mara kadhaa, na alipoona nguvu zinakwisha alituagiza kwamba neno alilolisema mbele ya watu lifutwe mbele ya watu. Aliaga dunia Alhamisi, tarehe 9 Machi 1989, Gakii akiwa kando yake.

Tulituma habari Gotu, na safari hii zikawafikia watu wa Golicha. Dada Tiya amefika asubuhi hii, amekaa kule nyuma na akina mama, na tunamwomba radhi kwa kumtaja bila kumwuliza. Dada, haya ni maneno yake kama alivyotupa: "Tiya, hukuwa mzito, mimi ndiye sikuuliza. Nisamehe kwa darasa la saba."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea maji na kuni, walimu wenzake, mwalimu Chachu aliyesafiri usiku kucha, na nyote mliokuja. Mwalimu, umefika, pumzika kwa amani.

Nanyi mnaobaki, tarehe zangu hizi mnaweza kuzisahau mkitoka hapa, lakini tafadhali, kumbukeni jambo moja mkawaambie na watoto wenu: siku ile, aliyejibu kwanza alikuwa Tiya.