Shangazi na Ukumbi Uliomeza Majina

Jambo la kwanza nililoliona kwa marehemu shangazi yangu, nikiwa mtoto, ni kwamba hakuketi katika chumba kigeni kabla ya kupiga kofi moja na kunyamaza. Nilidhani anaua mbu. Baadaye nilielewa kuwa alikuwa anazisikiliza kuta.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu wa mwoka mikate na mshonaji, katika nyumba iliyopakana na tanuri. Baada ya sekondari ya bweni aliingia chuo kikuu kusomea usanifu majengo. Alihitimu mwaka 1974 pamoja na marafiki zake watatu, waliokuwa wakifukuzwa maktabani kwa kelele: mmoja akawa jaji, mwingine daktari wa upasuaji, na wa tatu mtangazaji wa mpira redioni, ambaye yuko nasi hapa mazikoni.

Marehemu alibuni soko, zahanati na kituo cha zimamoto, na hakuna aliyelalamika. Kisha, mwaka 1986, chuo chake kilimkabidhi ukumbi wa mahafali. Mchoro wa awali ulikuwa na mbao laini kutani za kufyonza sauti. Aliziondoa kwa kuwa ziliharibu sura, akaweka marumaru tupu na dari ya kuba. Mtangazaji alimwonya.

"Dada, humo sauti itazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa."

"Wewe tangaza mpira, kuta niachie mimi."

Siku ya mahafali ya kwanza, kila jina lililosomwa lilipanda kubani likarudi ngurumo. Wazazi waliotoka mbali walipiga vigelegele wasijue wanampigia nani. Marehemu alikuwa safu ya nyuma, amejifunika uso kwa mtandio. Tangu hapo hakukosa mahafali hata moja. Aliketi safu ile ile na kitambaa cha manjano mkononi, akiahidi kukipunga siku atakayosikia jina zima. Hakukipunga kamwe. Kaka yangu mkubwa aliitwa humo, na mama hadi leo anadai mwanawe hakuitwa.

Chuo kilipotundika picha za wahitimu wake mashuhuri, yake iliwekwa kati ya jaji na daktari. Aliomba ishushwe. Walipokataa, akawa anapitia mlango wa jikoni ili asikutane nayo.

"Dada, kesi hii nilishaifuta," jaji alimtania.

"Waulize wazazi, mheshimiwa," alijibu, wala hakucheka.

Mwaka 1978 alikuwa amefunga ndoa na daktari wa meno aliyemng'oa jino. Alipenda kusema kwamba alichumbiwa mdomo ukiwa wazi, hivyo hakupata nafasi ya kubishana.

Alipostaafu aliuchora upya ukumbi, kwa mbao zile zile alizozikataa, akabisha hodi ofisi za chuo mpaka wakamkubalia. Mafundi walianza kazi Januari 2024, naye figo zikaanza kumsumbua. Wodini alipiga kofi lake, muuguzi akaja mbio.

"Bibi, umeniita?"

"Hapana, mwanangu. Nasikiliza tu. Chumba chenu kizuri, kinatunza siri."

Siku hiyo aliniambia, "Kwenye wasifu wangu usinipake poda. Mficha uchi hazai. Sema ukumbi niliuharibu mimi." Nimelisema, na si kwa wepesi, kwa kuwa aibu ile ilikuwa yetu sote: ukumbi ulipotajwa mezani, tulikimbilia kuzungumzia hali ya hewa. Alifariki dunia tarehe 2 Septemba 2024, ubao wa mwisho ukiwa bado haujapigiliwa.

Ameacha mume, binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu wanne na kaka yake, ambaye ni baba yangu. Apumzike kwa utulivu, mahali ambapo kila anayeitwa husikia.

Ubao ule ulipigiliwa jana. Mahafali ni Jumamosi ijayo, nami ni miongoni mwa watakaoitwa. Mumewe siku hizi ni mzito wa sikio, kwa hiyo kitambaa cha manjano amekabidhiwa mtangazaji, atakayeketi safu ya nyuma. Jina langu litakaposomwa sitamtazama Mkuu wa Chuo. Nitageuka na joho langu, nitazame nyuma, nikingoja kuona kama mkono wake utanyanyuka.