Mtoto Aliyekosa Zote Arobaini

Naomba radhi mapema: hadithi hii nitaiharibu. Kila nikiisimulia kicheko hunitangulia, halafu aliyenisimulia mimi alikuwa na kikombe mdomoni, kwa hiyo nusu niliisikia na nusu nilirushiwa. Hapa Bariadi, kando ya barabara iendayo kiwanda cha kuchambua pamba, kuna benchi mbele ya fundi pancha. Msimu wa mavuno malori hupita yakidondosha nyuzi nyeupe, zinatua kwenye kahawa ya mama Nyanjige, na wateja wanakunywa hivyo hivyo wakiziita maziwa. Mchana ule benchi lilikuwa na wataalamu watatu. Kulikuwa na Wakili, jina lake Machibya, ambaye aliwahi kuitwa shahidi kwenye kesi ya mbuzi na tangu siku hiyo hajarudi kuwa mtu wa kawaida. Kulikuwa na Takwimu, yaani Januarius, karani mstaafu kutoka Bukoba, asiyejua kusema "watu wengi" bila kutaja asilimia. Na kulikuwa na Dokta.

Dokta ni Bundala. Jina alilipata kwa kuchoma ng'ombe wa watu sindano, na siku hiyo ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote. Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza aliitangaza mpaka barabarani: binti yake Kabula, wa darasa la saba, alipata sifuri kwenye moko, ule mtihani wa kujipima kabla ya mtihani wa taifa wa Septemba. Maswali arobaini ya kuchagua jibu, herufi tano kila swali, mtoto kakosa yote. Saa kumi kulikuwa na mkutano wa wazazi, na benchi lilikuwa limeshapitisha kwamba Mwalimu Danford, mwenye darasa lile, ahamishwe.

Sababu ya pili Dokta aliibana kwapani. Siku chache kabla ya moko alimwita Kabula zizini akamwambia: "Ukifaulu watakupeleka sekondari ya bweni. Kaka zako wote wamekimbilia bodaboda. Ng'ombe watabaki na nani? Ukaandike ovyo. Anza kuzoea mapema kabla ya Septemba." Kabula akaitikia, "Ndiyo, baba." Dokta alitegemea mtoto afeli kistaarabu, kama watoto wa wenzake. Sifuri kavu hakuiagiza.

— Mwalimu gani yule? — Wakili alifungua kesi. — Kila ukipita yuko na simu sikioni.

— Wewe shuleni ulipita lini? — mama Nyanjige aliuliza huku akimimina.

— Napita kila siku na ng'ombe. Uwanja wao wa mpira una majani safi sana.

— Mimi nimefika mara mbili, — alidakia Dokta. — Mara ya kwanza kupiga kura, ya pili kumtoa fahali wangu darasa la tatu. Mara zote mbili sikumkuta mwalimu anafundisha!

— Siku ya kura shule si inafungwa, baba? — mama Nyanjige akauliza.

— Unaona? Visingizio hivyo!

Takwimu alikohoa, maana yeye hawezi kuongea bila kukohoa kwanza kama redio inayotafuta stesheni.

— Mnamwonea mwalimu na kuliacha bati. Asilimia sitini na nne ya elimu hupanda juu. Bati likishika moto saa sita, elimu inayeyuka, inatokea kwenye matundu ya misumari. Ndiyo maana popo wa dari la shule wana akili kuliko wanafunzi.

— Umewapa mtihani? — Wakili akauliza.

— Umewahi kuona popo kagonga ukuta?

Benchi likatafakari. Kwa kweli hakuna aliyewahi kumwona.

— Acheni popo, — Wakili akasema. — Angalieni kengele. Ile rimu wanayoigonga kila asubuhi ni ya lori lililopinduka Lalago. Unagonga rimu ya kupinduka, halafu unashangaa vichwa vya watoto vimepinduka?

— Nani aliileta?

— Kamati ya shule.

— Mwenyekiti wa kamati alikuwa nani? — mama Nyanjige akauliza taratibu.

— Mimi, wakati ule. Lakini tuliipata bure! Na nani aliikubali akaitundika? Mwalimu!

— Na uji je? Si tuliambiwa kila mzazi apeleke debe la mahindi? Watoto wanashinda njaa mpaka saa nane.

— Elimu ni bure, mama, — Dokta akajibu. — Bure na debe vinakutana wapi?

— Ng'ombe wako wakishinda njaa siku moja unalia hapa mpaka birika linapoa.

— Ng'ombe hawajatangaziwa bure.

Wote wakacheka, na Dokta akapata nguvu. Akasimama, kikombe mkononi, akajizoeza hotuba ya saa kumi.

— Ndugu wazazi! Kumfundisha mtoto miaka saba asipatie hata swali moja, huo si uzembe. Uzembe ungeacha walau mawili! Hiyo ni kazi maalumu. Danford anaingia darasani na kifutio, anafuta hata kile mtoto alichotoka nacho nyumbani. Mwanangu alijua kuhesabu ndama kabla hajaota meno!

— Hapo umewamaliza, — Wakili akasema. — Utasimama wa kwanza. Sifuri ya Kabula ndiyo kielelezo. Danford hata wiki hamalizi.

Wakati huo kijana mmoja wa bodaboda alikuwa ameshusha pikipiki yake kwa fundi, tairi la nyuma likiwa limelala chini. Aliitwa Clement, wa Nyalikungu kule Maswa.

— Mwadila, wazee, — akasalimia kwa Kisukuma.

— Mwadila, nkoyi. Karibu, kunywa kahawa na maziwa.

Clement akautazama uzi wa pamba ukielea, akanywa. Huku anasubiri tairi akawa anabofya simu, akisikiliza mashtaka. Mwisho akainua kichwa.

— Samahani, wazee. Mimi kila wiki nabeti. Naweka mkeka wa mechi za huko Ulaya, timu sizijui, majina yenyewe ulimi unakataa. Nabonyeza tu. Mkeka wangu unachanika kila wiki, lakini timu mbili tatu lazima zitiki. Sijawahi kukosa zote. Sasa huyo mtoto, arobaini nzima, amezikosaje?

Fundi akaiacha pampu, akasogea kusikiliza.

— Bati, — Takwimu alisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza.

— Bati likikuvuruga si utapatia hata moja kwa bahati mbaya? — Clement akauliza.

— Rimu, — Wakili akasema.

— Kichwa kikipinduka, mzee, majibu mengine yataangukia penyewe.

Takwimu akachomoa kalamu, akaandika kiganjani, akafuta kwa mate, akaandika tena. — Asilimia yake... — akasema. Akakohoa. — Haina asilimia, hii.

Dokta alikuwa amekaa. Alikumbuka chupa za dawa za mifugo, vile vibandiko vya maandishi madogo kama mayai ya kupe. Yeye huvishika mbali, huvishika karibu, kisha humpa Kabula. Kabula husoma, hupiga hesabu ya uzito wa ng'ombe, huvuta dawa kwenye bomba la sindano, na mji mzima husema Dokta hajawahi kukosea dozi. Mtoto huyo alikaa mbele ya maswali arobaini, akaliona jibu la kila moja, na mara zote arobaini akalikwepa kwa adabu. Aliambiwa aandike ovyo. Lakini Kabula hajui kufanya kazi ovyo.

— Dokta, mzazi ni wewe, — mama Nyanjige akasema. — Mwenyewe alikwambiaje?

— Alisema, "Ndiyo, baba."

— Ulikuwa umemuuliza nini?

Dokta akatazama ndani ya kikombe. Kahawa ilikuwa imekwisha, uzi wa pamba umebaki umeganda chini.

— Nilimwambia akafeli, — akasema. — Abaki na ng'ombe.

Lori likapita. Nyuzi zikatua vikombeni, na safari hii hakuna aliyeziita maziwa.

— Kwa hiyo, — Wakili akasema polepole, — Danford alifundisha?

— Asilimia mia, — akajibu Takwimu, na safari hii hakukohoa.

— Na Septemba? — mama Nyanjige akauliza, birika hewani, kana kwamba hamimini mpaka ajibiwe.

— Septemba ataandika anachokijua. Nikifika nyumbani leo namwambia.

— Ng'ombe?

— Nitachunga mwenyewe. Na dozi nitawaambia watu wasubiri likizo.

Mama Nyanjige akammiminia. Wakili peke yake ndiye alibaki anahangaika, akichungulia saa ya simu.

— Lakini jamani, watu wameshakusanyika! Tumetangaza mtaa mzima kwamba leo lazima mtu ahamishwe. Tukaseme nini?

Dokta akainuka, akajipangusa pamba mabegani, akaelekea shuleni kwa mara ya tatu katika maisha yake.

— Mpango uko pale pale, — akasema. — Danford ana mke, ana makochi, ana kabati la vyombo; kumhamisha ni mateso. Nihamisheni mimi. Sisi wenye ng'ombe tumezoea kuhama.